Sura ya Tisa: Wito wa Kukabidhiwa Mkononi

Jaji alikuwa amechoka kudanganywa kwa adabu. Ndivyo Kobe alivyomsoma asubuhi ile kutoka benchi la nyuma. Kikao baada ya kikao, wakili wa serikali alikuwa akisimama, akiinamisha kichwa, na kueleza kwa sauti ya msibani kwamba mtuhumiwa hawezi kuletwa, hawezi kuhojiwa, hawezi hata kuketi, maana figo zake zimekufa na bila mashine ya kusafisha damu hamalizi wiki. Safari hii jaji alimwacha amalize, kisha akaamuru jambo dogo tu: mtuhumiwa apelekewe wito wa shauri hili, akabidhiwe mkononi mwake, na aliyempelekea arudi aape mbele ya mahakama kwamba amemkabidhi yeye na si mtu mwingine.

Wakili wa serikali hakupinga. Angepingaje karatasi?

Shauri lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulishinda. Nchi jirani ilikuwa inamtaka waziri wake wa zamani wa ujenzi, aliyekimbilia huku baada ya daraja kubwa kuanguka na watu. Vyuma vilivyopaswa kuwa ndani ya nguzo za daraja lile havikuwamo, na kila mtu alijua vilikwenda kwa nani. Serikali ya huku ikakataa kumrudisha: mgonjwa mahututi, kumsafirisha ni kumuua. Waliokufa karibu wote walikuwa wa upande ule, isipokuwa dereva mmoja wa lori aliyekuwa wa upande huu, na mama yake ndiye aliyekwenda mahakamani kuomba uamuzi ule wa serikali utenguliwe. Wakubwa walimcheka. Baadaye wakaacha kucheka, kwa sababu mama wa dereva hakukosa kikao hata kimoja.

Kobe alikuwa askari wa upelelezi mpaka alipostaafu. Sasa alijipatia riziki kwa kupeleka wito wa mahakama na kuwachunguzia mawakili mambo yao. Jina la Kobe alibandikwa kazini na wenzake waliokuwa wepesi kuliko yeye, na wengi wao walikwisha fukuzwa.

Wakili wa mama wa dereva, mwanamke kijana aliyezoea kutembea huku akizungumza, alimsindikiza hadi ngazini. Alimwambia hana shaka kwamba ugonjwa ule ni maigizo. Waziri atakuwa kajilaza kwenye shuka safi, anakula vizuri, anaangalia mpira. Akimkuta na mashavu yamejaa, kesi imekwisha.

Hospitali ilikuwa ya binafsi, ile aina ambayo mlinzi wa getini hukutazama viatu kwanza. Chumba kilikuwa cha mwisho kabisa, ghorofa ya juu, na mlangoni walikaa askari wawili waliovalia kiraia lakini buti zikawaumbua. Walimpekua, wakamnyang'anya simu, wakasoma amri ya jaji mmoja baada ya mwingine, kisha wakaisoma tena. Daktari aliitwa. Alikuwa mtu mpole, na macho yake yalikuwa na haraka ya kuondoka.

"Huyu ndiye mheshimiwa waziri?" Kobe aliuliza kabla hawajaingia.

"Huyu ni mgonjwa wa chumba hiki," alijibu daktari.

Kobe alilipokea jibu hilo kama lilivyo. Katika kazi yake alikwisha jifunza kwamba mtu asiyetaka kusema uongo hujibu swali la jirani na ulilomuuliza.

Ndani alikuta kisichotarajiwa. Kitandani kulikuwa na mtu mgonjwa kwelikweli. Ngozi ilikuwa imekauka na kupauka rangi ya jivu, uso umevimba chini ya macho, miguu imejaa maji. Alikuwa akifyonza kipande cha barafu taratibu, akikihamisha shavu hadi shavu, na Kobe alijua maana yake. Watu wa mashine hupimiwa maji ya kunywa, kwa hiyo barafu huwadanganya kiu. Mke wa Kobe alifyonza barafu hivyo hivyo mpaka siku aliyofariki.

Alisoma wito kwa sauti, kama sheria inavyotaka, kisha akauweka kwenye kiganja cha kushoto cha mgonjwa na kumfungia vidole. Mkono wa pajama ulipanda kidogo. Kwa nukta chache vidole vya Kobe vilikaa juu ya mshipa wa mkono ule, uliovimba vifundo vifundo, na chini yake damu ilikuwa ikitetemeka kama paka anayekoroma. Aliujua mtetemo ule. Alilala kando yake miaka. Ulimpata moyoni ghafla, na akaondoa mkono mapema kuliko alivyokusudia.

Mgonjwa hakuitazama karatasi. Alikuwa akimtazama Kobe aliyeinama, kichwani upande wa nyuma, kwa uchungu wa mtu aliyeona kazi mbovu.

"Aliyekunyoa kisogo kakuonea," alisema kwa sauti iliyokwama. "Kaacha ngazi."

Askari mmoja alimwambia apumzike. Mwingine akamshika Kobe kiwiko, na ziara ikawa imekwisha.

Ofisi ya wakili ilikuwa juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilipanda pamoja na wateja. Kobe alimweleza yote bila kutia chumvi: anaumwa kweli, hakuna maigizo, na daktari yeyote watakayempeleka atasema hivyo hivyo. Wakili aliacha kutembea, akaketi. Alisema basi wamekwisha. Serikali imesema kweli na wao ndio wachokozi wa mtu anayekufa. Atamwambiaje mama wa dereva?

Kobe hakuwa akisikiliza vizuri. Alikuwa anajipapasa kisogo, na kweli ngazi ilikuwapo. Kisha akaomba aonyeshwe tena ile video ya waziri, ile aliyopigwa siku chache baada ya kuingia nchini, wakati bado alikuwa anawakaribisha waandishi wa habari na kuwatania.

Mwaka haukuwa umetimia tangu ipigwe. Waziri alikuwa bustanini, mnene, mwenye furaha, mikono ya shati imekunjwa hadi juu ya viwiko, anamwonyesha mwandishi jinsi ya kukata maua. Kobe aliisimamisha pale mkono wa kushoto ulipoelekea kwenye kamera. Mkono ulikuwa laini kama wa bwana harusi.

"Si huyu niliyemkabidhi," alisema.

Wakili alimwambia ugonjwa hubadili watu. Waziri anaweza kukonda, anaweza kuvimba, hata mamaye asimtambue.

"Uso, sawa. Mkono hapana." Kobe alikunja mkono wake mwenyewe kuonyesha. "Ukianza mashine, wanakuunganishia mishipa miwili hapa ili sindano nene ipate pa kuingia. Mwanzoni haionekani sana. Inavimba kwa kuchomwa, wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka, mpaka inakuwa na vifundo. Nimeshika vifundo leo. Wa mke wangu haukufikia ule, na alikaa kwenye mashine miaka."

Wakili alisogea kuitazama picha. Kobe akaendelea kwa mwendo wake wa siku zote, hatua moja kabla ya nyingine. Wangemlaza mtu mwenye afya ajifanye mgonjwa, kipimo kimoja cha damu kingemuumbua. Kwa hiyo wakatafuta mgonjwa wa kweli, ili mashine isiseme uongo na daktari asilazimike kusema uongo. Walichosahau ni kwamba ugonjwa una umri, na umri wake unasomeka.

"Na waziri yuko wapi?"

"Kaondoka. Labda walimfungulia mlango, labda aliwaponyoka. Serikali ikikataa kumtoa mtu, inaitwa kaidi. Ikikiri imempoteza akiwa mikononi mwake, inaitwa jina jingine. Wamechagua ukaidi."

Wakili alisimama, akaanza tena kutembea. Kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze alionekana kuogopa.

Aliyelala pale alikuwa nani? Kobe alijua pa kuuliza, na hakutaka kwenda. Kitengo cha kusafisha damu cha hospitali ya umma kilikuwa mwisho wa korido ndefu, na alikuwa ameapa hatakanyaga tena. Viti vilikuwa vile vile, vya plastiki ya kijani iliyochanika. Mashine zilikuwa zikilia, na watu wamefumba macho. Sista mkuu wa zamu alimwona kutoka mbali na kumwita shemeji, maana marehemu mkewe alikuwa amemfanya dada. Alimshika mikono yote miwili na hakumwuliza amefuata nini.

Kobe alimweleza anatafuta mtu wa hapo aliyetoweka mwaka huu. Sista alicheka bila furaha. Hapo watu hutoweka kila mwezi, alisema, na desturi yao ni kutouliza. Kiti kikiwa wazi, anakaa mwingine.

"Huyu anajali sana vichwa vya watu," Kobe alisema.

Sista aliacha kucheka.

"Kinyozi," alisema. "Alikuwa anawanyoa wenzake wote pale benchi la kungojea, bure. Na kama ulinyolewa kwingine, utamkoma kwa maneno. Alipata mfadhili, shemeji. Gari lilimfuata hapa hapa. Tulimpigia makofi mpaka getini."

Saluni ya kinyozi ilikuwa mtaa wa tatu kutoka hospitali, chumba kimoja chenye kioo kirefu na kiti kimoja cha kuzunguka. Kiti kilikuwa kimefunikwa shuka. Mkewe alikuwa amekodisha nusu ya chumba kwa fundi simu, na yeye mwenyewe alikuwa kwenye kona, anakunja taulo ambazo hakuna aliyezitumia. Kobe alijitambulisha, akamwambia amemwona mumewe. Hakukana. Alimwomba fundi simu akanywe chai, kisha akafunga mlango.

Alikuwa anajua mengi kuliko Kobe alivyotegemea. Alijua mumewe amelazwa kwa jina la mkubwa fulani. Aliambiwa ni kwa muda, na kwamba akifunua mdomo mashine itazimwa. Aliruhusiwa kuongea naye kwa simu kila Jumapili, askari akisikiliza.

"Kule hospitali yetu mashine zilikuwa zinaharibika, alikuwa anapata mara moja kwa wiki," alisema. "Huko anapata mara zote zinazotakiwa. Ameanza kunitania tena kwenye simu. Unajua ni muda gani hajanitania? Sasa wewe, kaka yangu, unataka kwenda kusema. Ukisema, umemuua."

"Wakishamaliza naye watamfanya nini, dada? Umejiuliza?"

Mke wa kinyozi aliweka taulo chini. Ilionekana amejiuliza usiku mwingi.

Kobe alimweleza mpango. Wakili atapeleka hati ya kiapo ya Kobe kueleza ukweli, na pamoja nayo ombi la dharura: jaji amweke mgonjwa chini ya ulinzi wa mahakama kama shahidi, asikose matibabu hata siku moja. Sista alikwisha kubali kumtengea kiti iwapo jaji ataamuru. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho. Alimwuliza kama yeye, Kobe, anaamini hivyo kweli au anaongea tu kama watu wa mahakama. Kobe alisema anaamini, na alikuwa hadanganyi.

"Basi nimekuachia wewe," alisema mke wa kinyozi. "Kwa neno lako, si la jaji."

Ijumaa hati zilikuwa tayari. Hapo ndipo Kobe na wakili walipobishana kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. Utaratibu ulidai upande wa pili upewe nakala kabla ya kusikilizwa, na shauri lilikuwa limepangwa Jumatatu. Kobe alitaka serikali ipewe nakala yake Jumatatu ile ile, mlangoni mwa mahakama, mikono yao ikiwa mitupu. Wakili alikataa. Mara mbili jaji alikwisha waonya kuhusu kuwavizia wenzao, na akaapa kwamba safari nyingine atalitupa shauri zima. Likitupwa, mgonjwa atabaki mikononi mwa nani?

"Ni siku mbili tu, mzee wangu. Na ombi la ulinzi limo humo humo. Wakiligusa baada ya kulisoma, watakuwa wamejifunga kamba wenyewe."

Hoja ilikuwa nzuri. Kobe aliikubali kwa shingo upande, akachukua bahasha, akaipeleka mwenyewe, maana ndiyo kazi yake. Katibu muhtasi aliigonga muhuri. Wakili wa serikali alitoka chumbani kwake, akausoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, akageuza wa pili. Hakukasirika. Alimkaribisha Kobe chai, na Kobe alipokataa, alimshukuru kwa kuleta mapema. Barabarani Kobe aliifikiria tena shukrani ile, akarudi nyuma hadi hospitali ile ya binafsi. Mlinzi wa getini alimwambia ghorofa ya juu haipokei wageni. Jumamosi alijaribu tena, na Jumapili. Jumapili simu ya mke wa kinyozi haikulia. Alimpigia Kobe kumuuliza kama ni kawaida, na Kobe alimwambia huenda wanahofia kesi.

Jumatatu mahakama ilijaa. Mama wa dereva alikuwa pahali pake pa siku zote, safari hii na mke wa kinyozi kando yake. Walikuwa wamekutana asubuhi ile, na tayari walikuwa wanatumia leso moja kufutia jasho. Mke wa kinyozi alikuwa amevaa nguo nzuri. Alikuwa ameleta mfuko mdogo, na ndani yake mashine ya kunyolea, maana alifikiri jaji akitoa amri, huenda wakamwona siku ile ile.

Wakili wa serikali alisimama kabla hajaitwa. Aliinamisha kichwa.

"Mheshimiwa Jaji, ni wajibu wangu wa huzuni kuiarifu mahakama kwamba mtuhumiwa alifariki dunia jana alfajiri, kutokana na maradhi ambayo upande wa pili umekuwa ukiyakejeli. Atazikwa leo mchana, faraghani, kwa wosia wake. Cheti cha kifo hiki hapa. Kwa kuwa hakuna tena mtu wa kurejeshwa, tunaomba shauri lifutwe."

Kobe aliona mpango mzima kwa mpigo mmoja, na haukuwa na kasoro. Waziri sasa alikuwa marehemu kwa karatasi, na hakuna nchi inayomtafuta marehemu. Walikuwa hawana haraka ya kumaliza uongo wao mpaka yeye Kobe alipowapelekea hati, kwa muhuri na tarehe. Wakili wa mama wa dereva alikuwa amesimama, akisema kwa sauti iliyokatika kwamba kuna hati ya kiapo, kuna ombi la dharura. Mwenzake akamjibu, bila kuinua sauti, kwamba hati ile ni maoni ya mpeleka wito mmoja kuhusu mkono wa mgonjwa, na mgonjwa hayupo tena. Jaji aliipekua hati, akakitazama cheti, akatazama tena hati. Hakuna aliyekuja kumwambia kwa kinywa chake kwamba marehemu ni mtu mwingine. Alichukua kalamu.

Mama wa dereva ndiye aliyeelewa kwanza. Alimshika mwenzake kifundo cha mkono na kumvuta karibu. Mke wa kinyozi alimwuliza kwa kunong'ona, nani amekufa? Yule mkubwa? Mama wa dereva alitikisa kichwa, akaendelea kumshika.

Mke wa kinyozi hakupiga kelele. Alisimama, mfuko ukiwa kifuani, na karani akamwamuru aketi. Hakuketi.

"Mama," jaji alisema, "wewe ni nani katika shauri hili?"

"Mimi ni mke wa marehemu."

Minong'ono ilipita kwenye mabenchi. Wakili wa serikali alitabasamu kwa huruma, akaieleza mahakama kwamba mke wa marehemu waziri anafahamika, anaishi ng'ambo, na amekwisha arifiwa.

"Huyo simjui," alisema mke wa kinyozi. "Mimi ni mke wa huyo aliyekufa jana. Kinyozi. Nimekaa naye miaka kumi na tisa. Simwombi mtu chochote tena, naomba tu msimzike kwa jina la mtu."

Kisha akageuka kumtafuta Kobe kwa macho, na Kobe, ambaye alikuwa amempa neno lake, alisimama ili aonekane. Jaji aliiweka kalamu chini na kumwambia mke wa kinyozi asogee mbele, aape.